RAM haikai kwenye kasi uliyoipanga: imesahau au imekataa?

Umeingia BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi), umewasha XMP (kasi ya RAM iliyoandikwa na kiwanda), umehifadhi, kompyuta imewaka ikisoma 3200. Kesho yake gemu linakwamakwama, unatazama, unakuta 2133. Ukirudi BIOS, XMP imezimwa kana kwamba hukuwahi kuigusa. Hapo wengi hukimbilia kuongeza volti, au hupanda boda hadi mjini kutafuta RAM nyingine. Usifike huko bado.

Tatizo hili lina sura mbili zinazofanana kwa nje tu. Ya kwanza, madabodi imesahau ulichoiambia. Ya pili, inakumbuka vizuri kabisa, ila ilijaribu ulichoiambia, ikashindwa, ikaamua yenyewe kurudi kwenye kasi salama. Dawa ya moja haitibu nyingine. Betri mpya haitaifikisha RAM dhaifu kwenye 3600, na volti za ziada hazifufui betri iliyokufa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kasha jiulize: inarudi nyuma lini? Ikirudi kila baada ya kukatiwa umeme kabisa, imesahau. Ikirudi palepale, baada ya kuwaka na kujizima yenyewe mara mbili tatu, imekataa. Ikikaa siku kadhaa halafu ikarudi bila utaratibu wowote, shuku umeme wa nyumbani au programu ndani ya Windows. Yote haya ni kwa kompyuta za mezani; laptopu nyingi hazikupi hata mahali pa kugusa kasi ya RAM.

Kwanza, je, imerudi kweli?

Kuna wanaohangaika na tatizo ambalo halipo. RAM za DDR husafirisha data mara mbili kwa kila pigo la saa yake, kwa hiyo RAM inayouzwa kama 3200 ina saa inayopiga 1600 tu. Programu ya CPU-Z huonyesha hiyo 1600, pengine 1596 au 1597, ilhali Task Manager ya Windows huonyesha 3200. Zote mbili zinasema kweli. Ukiona kwenye CPU-Z namba iliyo nusu ya ile ya kwenye boksi, RAM yako iko sawa, endelea na gemu lako.

Jambo la pili ni dogo hadi linaudhi: kuhifadhi. Kuchagua XMP kisha kutoka kwa Esc si kuhifadhi. Bonyeza F10 (ndiyo kwenye madabodi nyingi), soma orodha ya mabadiliko inayotokea, uone kwamba XMP na kasi mpya vimo, ndipo ukubali. Tena kuna bodi ambazo ukiwasha XMP huku mstari wa kasi uliwahi kuuandikia namba kwa mkono, namba yako ya zamani ndiyo inayotawala. Irudishe kwenye Auto.

Kwenye bodi za AMD usitafute jina la XMP ukakata tamaa. ASUS huita DOCP, MSI huita A-XMP, na RAM nyingi za DDR5 zina EXPO, ya AMD wenyewe, iliyokuja na Ryzen 7000 mwaka 2022. Kazi ni ileile. RAM ina kichipu kidogo ambamo kiwanda kimeandika kasi, taimingi (vipindi vya kungoja) na volti zake, na wewe unaiambia bodi itumie hizo badala ya zile za kawaida.

Inarudi nyuma kila ukizima ukutani

Soketi za Uganda zina swichi zake, na watu wengi hapa wamelelewa kuzima ukutani kabla ya kulala, hasa msimu wa radi. Ni tabia nzuri, lakini ndiyo inayofichua betri mbovu. Kompyuta ikiwa imezimwa huku soketi imewashwa, pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 za akiba, na hizo ndizo zinazolisha saa ya ndani na kumbukumbu ya mipangilio. Ukikata ukutani, kazi yote inaangukia kibetri kimoja cha CR2032 kilichobandikwa kwenye madabodi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi na betri iliyokufa mwaka mzima bila kujua, mpaka ahamie nyumba ambako mwenye nyumba anadai kila kitu kizimwe usiku.

Jaribio lake ni hili. Washa XMP, hifadhi, zima kompyuta kwa njia ya kawaida, acha soketi imewashwa usiku kucha. Asubuhi ukiikuta 3200 bado ipo, zima tena, safari hii kata ukutani kwa saa kadhaa. Ikirudi 2133 baada ya hapo, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

Saa nayo ni shahidi mzuri, lakini usiiulize Windows. Kompyuta ikipata intaneti, Windows hurekebisha saa kimyakimya na kuficha ushahidi. Ingia BIOS moja kwa moja baada ya kuwasha soketi, kabla mfumo haujapanda. Ukikuta tarehe imeruka nyuma miaka kadhaa, betri imekwisha. Kwenye kompyuta isiyo na intaneti dalili huonekana pengine: ukija kuunganisha data ya simu, kila tovuti inalalamika kwamba cheti chake si halali, kwa sababu kompyuta inadhani tuko mwaka mwingine.

Tahadhari moja kwa wanaotumia Windows na Linux kwenye mashine moja. Linux huweka saa ya bodi kwa UTC (majira ya pamoja ya dunia), Windows huiweka kwa saa ya hapa, na Uganda iko mbele ya UTC kwa saa 3 kamili. Saa ikiwa imekosea kwa saa 3 juu ya alama, si betri hiyo. Ni mifumo miwili inayogombania saa moja.

Ukiwa na multimita, betri mpya hupima volti 3 na kidogo juu yake. Ikishuka chini ya 2.8, mimi huitupa bila kujadiliana nayo. Ununuzi wake ndipo watu hukosea. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo kilekile lakini unene wa 2.5, na mwenye duka atakuambia ni ileile. Itaingia, itakaa, na ukisogeza kasha kidogo itaachia mguso, mipangilio ipotee upya, uanze kuilaumu RAM. Betri hii ndiyo inayotumika pia kwenye rimoti nyingi za magari, kwa hiyo usipoipata kwa wauza kompyuta, waulize wanaotengeneza funguo za magari. Itazame tarehe kwenye pakiti pia, kwa sababu betri hizi hukaa rafuni muda mrefu.

Kuibadilisha: kata ukutani, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja umalize umeme uliobaki, sukuma kilimi cha chuma pembeni, betri itaruka yenyewe. Upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha unatazama juu. Baada ya hapo panga saa, washa XMP upya, urudie jaribio la usiku.

Betri ikiwa nzima na bado inasahau, angalia jampa ya kufuta mipangilio. Karibu na betri kuna pini mbili au tatu. Kwenye bodi za pini tatu, kofia ndogo ya plastiki ikisahauliwa upande wa kufutia baada ya ukarabati, bodi nyingine haiwaki kabisa na nyingine inaanza upya kila siku. Bodi mpya zaidi huweka mipangilio kwenye chipu isiyohitaji betri, ila hata hizo nyingi zikigundua betri imekufa hurudisha kila kitu kwenye hali ya kiwanda. Usidanganyike kwamba bodi ya kisasa haidai betri.

Inajizima, inajiwasha, kisha inarudi 2133

Hii ndiyo sura ya kukataa. Umehifadhi, feni zinazunguka, zinasimama, zinazunguka tena. Bodi yenye vitaa vinne vya uchunguzi itawasha kile cha DRAM (yaani RAM) na kukaa hapo. Baadaye skrini inakuja na ujumbe kwamba ovakloki (kukimbiza kifaa kupita kasi yake ya kawaida) imeshindikana, ubonyeze F1 uingie BIOS. Bodi nyingine haisemi lolote, inakupeleka Windows ikiwa na 2133 yake.

Kinachotokea ni kwamba kila inapowaka na mipangilio mipya, bodi huipima RAM. Inaandika data, inaisoma, inasogeza muda wa ishara kidogo mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, mpaka ipate mahali panaposikika bila mikwaruzo. Isipopata baada ya kujaribu mara kadhaa, inaachana na ulichoomba. Kazi yako ni kujua kwa nini haisikiki.

Anza na mahali RAM ilipochomekwa, maana hapo hapana gharama. Madabodi yenye nafasi nne ikiwa na RAM mbili, ziende kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bodi huziandika A2 na B2. Kwenye bodi nyingi nyaya za ndani huishia kwenye nafasi hizo. Ukichomeka ya kwanza na ya tatu, kipande cha waya kinabaki kimening'inia mbele ya RAM, ishara inafika mwisho wake, inagonga na kurudi kuchafua ile inayofuata. Kwa 2133 hutaona tofauti. Kwa 3600 ndipo bodi inapokataa, na nimeona watu wakiuza RAM nzima kabisa kwa kosa hili tu.

Ukizichomoa, zitazame. Kompyuta iliyokaa chumba kinachopakana na barabara ya murram hula vumbi jekundu, na vumbi hilo hupenda kukaa ndani ya nafasi ya RAM. Puliza kwa blowa, futa miguu ya dhahabu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya kusafishia vifaa, ngoja ikauke, rudisha mpaka usikie kishikio kikilia. Usitumie msasa. Inasikitisha kwamba hilo linahitaji kusemwa.

Kisha RAM zenyewe. Ulizinunua pamoja kwenye pakiti moja, au moja ulikuja nayo na nyingine ukaongeza baadaye? Mbili zenye jina moja, kasi moja, hata rangi moja, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, kwa sababu viwanda hubadilisha chipu bila kubadilisha jina. Kila moja peke yake inafika 3200, zikikaa pamoja hazielewani. Jaribu hivi: chomeka moja tu kwenye A2, washa XMP, uone. Chomoa, weka ya pili palepale, uone. Zikipita zote mbili zikiwa peke yake lakini pamoja zikakataa, RAM hazina kosa, ndoa ndiyo mbovu. Moja ikikataa hata peke yake, umeshaijua ya kurudisha dukani.

RAM nne ni mzigo mwingine. Kila unapoongeza, kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa kinafanya kazi ngumu zaidi. Kwa Ryzen 7000 AMD wenyewe wanatoa ahadi ya 5200 kwa DDR5 mbili, lakini ukijaza nafasi zote nne ahadi inashuka hadi 3600. Mtu mwenye nne akidai 6000 ikae, anadai zaidi ya alichouziwa.

Hapo tumefika kwenye prosesa, ambayo watu huisahau kabisa. Namba kwenye boksi la RAM ni ahadi ya mwenye RAM, haimfungi mwenye prosesa. Ryzen za kizazi cha kwanza zina ahadi ya 2666, cha pili 2933, na nyingi za mfululizo wa 3000 na 5000 zina 3200. Juu ya hapo ni bahati na subira. Ryzen 5 1600 iliyopewa RAM ya 3600 itakataa mara nyingi, na ukiishusha hadi 2933 au 3066 itakaa bila matata. Ryzen 5 5600 kwa kawaida huimudu 3600. Kwa Intel kizazi cha 12 na kuendelea kuna mtego wake: prosesa zisizo na herufi K zimefungiwa volti ya kidhibiti hicho, hivyo DDR4 ya 3600 katika hali ya Gear 1, ambamo kidhibiti kinakwenda sambamba na RAM, huweza kukataa hata RAM ikiwa ya bei kali. Shusha hadi 3200, au ikubali Gear 2 ambamo kidhibiti kinakimbia nusu ya kasi ya RAM.

Ndipo volti. Profaili nyingi za DDR4 zinahitaji volti 1.35, wakati hali ya kawaida ni 1.2. Kuna bodi zinazosoma kasi kutoka kwenye profaili lakini zinachelewa kwenye volti. Iandike 1.35 kwa mkono, 1.40 bado ni eneo la amani. Kwenye AM4 (soketi ya Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000), volti ya SoC, inayolisha kidhibiti cha RAM, ikiwa kati ya 1.05 na 1.10 husaidia. Kwenye AM5 (soketi ya Ryzen 7000) usivuke 1.30 kwa SoC kwa ushauri wa mtu yeyote: mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000 ziliungua, na AMD ikaweka kikomo hicho kupitia masasisho ya BIOS. Bodi yenye BIOS ya kabla ya hapo isasishwe kwanza, EXPO baadaye.

Ukimaliza hayo na bado inakataa, teremka ngazi. Acha taimingi na volti za profaili zilivyo, punguza kasi peke yake: 3600, 3533, 3466, 3400, hadi itakapokaa. Jaribu pia kuweka Command Rate kuwa 2T, yaani kuipa RAM pigo moja zaidi la kupokea amri. Kati ya 3600 inayokataa kila asubuhi na 3466 inayokaa, mimi sihitaji kufikiri. Kwenye gemu hutaiona tofauti hiyo, utaiona kwenye picha za kujigamba tu.

DDR5: skrini nyeusi si kifo

"Fundi, nimewasha EXPO, sasa haileti picha. Nimeizima nikawasha tena, bado."

"Ulingoja kiasi gani, ndugu?"

"Dakika moja hivi. Nikaona imekufa."

Mazungumzo ya namna hii ni ya kila mara tangu AM5 ianze kuingia. Upimaji wa DDR5 mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa, na RAM zikiwa kubwa unaweza kuzidi. Wakati wote huo skrini ni nyeusi na kitaa cha DRAM kinawaka. Ukibonyeza kitufe katikati, umevunja upimaji. Bodi inaanza mwanzo, ikivunjwa tena inahesabu kwamba imeshindwa, na mwishowe inarudi 4800. Mtumiaji anaapa kwamba EXPO haishiki, kumbe hakuipa nafasi.

Kwa hiyo siku ya kuwasha EXPO, tazama mita yako ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwanza. Uniti zikiwa ukingoni, ongeza kabla hujaanza, maana umeme ukikatika katikati ya upimaji matokeo ni yaleyale ya kubonyeza kitufe. Washa, ondoka, kapike chai. Robo saa ikipita bila picha ndipo uanze kushuku.

Kuna mstari kwenye BIOS za AM5 unaoitwa Memory Context Restore. Ukiwa umezimwa, bodi hupima RAM upya kila inapowaka, ndiyo maana nyingine zinakawia kila siku. Ukiwashwa, bodi hutumia majibu ya jana na kuwaka haraka. Kama ukiuwasha unapata skrini za bluu, uzime, uvumilie kuchelewa.

XMP haionekani kabisa, au 2666 ndiyo mwisho

Kompyuta nyingi za gemu Uganda zilianza maisha ofisini Ulaya. Mtu ananunua OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP iliyotumika, anaongeza kadi ya picha, na kwa pesa yake anapata mashine inayocheza vizuri. Sina neno baya juu ya mashine hizo. Lakini BIOS zake hazina XMP, na hakuna sasisho litakaloileta. Yenye Intel ya kizazi cha 6 inaishia 2133, ya kizazi cha 7 inaishia 2400, na i5 au i7 ya kizazi cha 8 inaishia 2666. Ukiichomekea RAM ya 3200 itafanya kazi, kwa kasi ya bodi. Usilipie kasi ambayo bodi haiwezi kuitumia. Pesa hiyo iongeze kwenye ukubwa wa RAM au kwenye SSD.

Bodi za dukani nazo si zote. Kwa Intel, mpaka kizazi cha 10, ni bodi zenye chipu inayoanza na herufi Z tu zilizoruhusu RAM kupita ahadi ya prosesa. Core i5-10400 kwenye B460 haivuki 2666 hata BIOS ikikuonyesha neno XMP. Mlango ulifunguliwa mwaka 2021 kwa B560 na H570, ila H510 ikaachwa nje, na H610 iliyofuata nayo vilevile. AMD hawakuwa wabahili hivyo: B450, B550, hata A520 isiyoruhusu kuongeza kasi ya prosesa, zote zinaruhusu ya RAM.

Na kama bodi inaruhusu lakini orodha ya profaili ni tupu, fungua CPU-Z upande wa SPD. Huko utaona kilichoandikwa kweli ndani ya RAM. RAM yenye bati la kumetameta na stika ya 3200, huku ndani kuna 2400 peke yake bila XMP wala 3200, ni stika hiyo inayosema uongo. Lakini usimshike muuzaji shati mapema: zipo RAM halali ambazo 3200 ndiyo kasi yake ya kawaida kwa volti 1.2. Hizo hazina XMP kwa sababu haziihitaji.

Inakaa siku tatu, halafu inarudi

Hapa ndipo umeme wa nyumbani unapoingia. Bodi haijui tofauti kati ya ovakloki iliyoshindwa na umeme uliokatika wakati inapojipima. Inachojua ni kwamba ilianza kuwaka ikaishia njiani. Umeme ukirudi kwa kusitasita, unaokuja sekunde chache, unaondoka, unakuja tena, na kompyuta yako imepangwa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, kila kusita kunahesabiwa kuwa ni kushindwa. Baada ya chache bodi inajikinga kwa kurudisha mipangilio ya kiwanda.

Dawa yake iko ndani ya BIOS na ni ya bure: tafuta sehemu ya umeme inayouliza kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, chagua ibaki imezimwa. Utaiwasha mwenyewe umeme ukishatulia. UPS ni bora zaidi, na hata ndogo inatosha kwa kazi hii kwa sababu unachohitaji ni dakika za kuzima kwa utaratibu. Stebilaiza peke yake inatuliza volti zinazopanda na kushuka, haikusaidii umeme ukienda.

Mipangilio ikishatulia, ihifadhi kama profaili ndani ya BIOS. Bodi nyingi zina nafasi hizo, na nyingine hukuruhusu kuinakili kwenye flashi. Piga na picha za kurasa kwa simu. Ukisasisha BIOS profaili za zamani mara nyingi hukataa kufunguka, na picha ndizo zitakazokuokoa. Sasisho lenyewe lifanye ukiwa kwenye UPS, kwa flashi ya FAT32. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi isiyo na njia ya kujiokoa huweza kufa.

BIOS iko sawa, Windows inapindua

Ukiona BIOS inaonyesha kasi uliyoipanga lakini ndani ya Windows ni nyingine, tafuta programu inayojifanya meneja. Ryzen Master, XTU ya Intel na programu zinazokuja na bodi zinaweza kubeba mipangilio yake zenyewe. Chagua bosi mmoja. Ushauri wangu ni BIOS, na hizo nyingine uziondoe.

Wengine wakisema kasi ya memori haikai wanamaanisha ya kadi ya picha. Huko mambo ni tofauti kabisa na betri ya bodi haihusiki. Kwenye MSI Afterburner, kubonyeza alama ya kukubali hakutoshi. Kuna kitufe kingine chenye alama ya Windows kinachoamuru mipangilio iwekwe kila kompyuta inapowaka. Kwenye kadi za AMD, programu ya Adrenalin ikiona kompyuta ilizimika ghafla hurudisha kadi kwenye hali ya kawaida na kukutaarifu, hata kama aliyezima alikuwa umeme wala si wewe. Kuzima Fast Startup ya Windows huwasaidia baadhi ya wanaopata taarifa hiyo bila sababu. Na kadi zenye GDDR6X, kama RTX 3080, hugundua makosa na kutuma data upya, kwa hiyo ukizidisha kasi fremu hupungua kabla hata kadi haijaanguka. Kasi ikipanda huku fremu zikishuka, rudi nyuma.

Kabla hujasema imepona

RAM iliyowaka kwa 3600 haijathibitisha lolote. Tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, iache izunguke usiku kucha ukiwa na umeme wa uhakika. Kosa moja ni kosa. Usikubali "moja tu". Makosa yakija, shusha ngazi moja, rudia. Ukipuuza, makosa hayo yatahamia kwenye faili zako za Windows polepole, na hapo utakuwa unatatua matatizo mengine kabisa.

Kisha jaribio la ubaridi: kata ukutani jioni, washa asubuhi. RAM iliyopimwa ikiwa na joto huweza kukataa ikiwa baridi, na wa Kabale wataliona hili mapema kuliko wa Gulu. Ikiwaka asubuhi mara moja bila kujizima, ikasoma kasi uliyoipanga, na saa ndani ya BIOS ikawa sahihi, funga kasha.

Ikibidi kurudisha RAM dukani, nenda na picha ya ukurasa wa SPD wa CPU-Z, picha ya stika ya RAM yenyewe, na picha ya MemTest86 ikionyesha makosa huku RAM hiyo ikiwa peke yake kwenye A2, na XMP ikiwa imezimwa. Makosa yakiwepo hata kwa kasi ya kawaida, muuzaji hana pa kusimama akisema uliiharibu kwa kuikimbiza.